Siku Nilipomwambia Mama Shabani "Pole na Kazi"

Ninyi mnaokuja kuchukua mikoba yetu, karibuni. Mimi naondoka. Madamu Goreti, ambaye ndiye kiongozi wa timu na mtamzoea polepole, amesema niwaandikie kidogo kuhusu kazi hii kwa sababu anajua kwa mdomo sitaweza. Ni kweli. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti yangu inarudi tumboni. Nikishika kalamu inatoka. Mama Shabani, muuguzi wa Gitega ambaye ndiye hasa nataka mjue habari zake, ananiita mstaafu. Nina miaka kumi na tisa. Nilianza mara tu nilipomaliza sekondari, sasa mkataba umeisha, kwa hiyo hajakosea. Ila mvi za kuwaonyesha sina.

Kazi yenyewe mtaelezwa kwa Kifaransa kizuri siku ya mafunzo. Kwa maneno yangu ni hivi: tunaingia hospitalini, tunawapita wagonjwa, tunaenda kuwauliza wale wanaowahudumia. Mgongo ukoje. Miguu inavimba? Usingizi unakuja? Ukiwa zamu unakula? Maji yanatoka bombani, glavu zipo? Ndugu wa mgonjwa akikutukana unafanya nini? Na halafu yale ya moyoni: huzuni, woga, upweke. Mtu aliyezoea kuuliza "unaumwa wapi" akiulizwa yeye, anatazama nyuma yake kuona kama kuna mgonjwa ameingia.

Kabla ya hapo nilikuwa Gasorwe, mlimani, na mama. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania na nilirudi nikiwa bado mtoto, kama mtu anaweza kurudi mahali ambapo hajawahi kufika. Kambini nyumba zilibanana mpaka ukipiga chafya jirani anajibu. Gasorwe kila nyumba ina migomba yake kuizunguka, na kati ya nyumba na nyumba kuna shamba. Watu walitupokea vizuri, amani ilikuwepo, sisemi uongo. Ila ilikuwa amani yenye nafasi kubwa katikati. Shuleni waliniita Mtanzania, na walimu walicheka Kirundi changu kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka kwa ukali, maana huwezi hata kukasirika. Nikajifunza kunyamaza. Sikujua kwamba siku moja kunyamaza kungenipa kazi.

Walikuwa wanatafuta mtu anayesoma Kiswahili sanifu, kwa sababu maswali yao yalitengenezwa kwa Kiswahili, na anayeweza kuyasema kwa Kirundi pale yanapokwama. Siku ya kwanza nilishuka kwa miguu kutoka Gasorwe hadi Muyinga mjini, viatu mkononi, nikavivaa nyuma ya ukuta wa hospitali. Madamu Goreti alikuwa amekaa pale pale nyuma ya ukuta, anakula muhogo. Aliniona nikihangaika na kamba za viatu.

"Ni wewe Esperansi?"

"Ndiyo, Madamu."

"Vizuri. Miguu yako inajua kazi. Tuone masikio."

Madamu Goreti alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuuliza maswali. Anasema aliacha kwa sababu ya magoti. Sijawahi kumuuliza kama ni magoti tu.

Jambo la kwanza lililotushinda Muyinga lilikuwa salamu ya kazi yenyewe. Mnajua kwa Kirundi swali na tatizo ni neno moja, *ikibazo*. Mimi, kwa adabu zote, nilimwambia mlinzi wa lango kwamba nimekuja kwake na *ibibazo*. Akaita wenzake. Walikuja wakanizunguka, wananihurumia, mmoja akaniletea kiti. Walidhani nimefiwa au nimetoroka nyumbani. Kisha nikianza kuuliza, kila mtu anajibu "nta kibazo," hakuna tatizo. Mgongo? Nta kibazo. Usingizi? Nta kibazo. Mfagiaji mmoja alinijibu hivyo huku amejishika kiuno kwa mikono miwili.

Halafu kulikuwa na vikombe. Mtapewa kadi yenye picha za vikombe: kitupu, chenye kidogo, cha nusu, kilichojaa. Mtu anaonyesha kwa kidole amechoka kiasi gani. Wataalamu walioileta walikuwa na nia nzuri. Lakini Muyinga kila mtu alionyesha kilichojaa, hata mpishi ambaye alikuwa ametoka kulala. Ni Madamu aliyeng'amua alipomsikia mfuaji wa mashuka akimwambia mwenzake, "Mtoto wa watu amenipa kikombe, nimwonyeshe nusu? Ataona tuna choyo." Mwingine aliuliza kama ni pombe ya ndizi. Tangu siku hiyo tunaanza kwa kusema kikombe ni cha uchovu, na mwenye nacho ni wewe, wala hakuna mgeni. Bado wapo watakaokijaza kwa heshima. Mtawajua.

Mengine aliyonifundisha Madamu nayaandika hapa yalivyo. Usikae uso kwa uso na mtu, kaa ubavuni, mtazame nyote wawili ukuta mmoja, kwa sababu ukuta hauoni aibu. Tazama mikono, si macho. Andika kwa penseli. Mvua ya huku haiheshimu wino. Akilia, weka penseli chini, usimguse, usimwambie anyamaze. Nenda na maji yako ya kunywa ili asijione ana deni la kukukirimu. Na la mwisho lilinitesa zaidi, mimi niliyelelewa Tanzania: usiseme pole baada ya jibu.

"Kwa nini Madamu? Mtu kaniambia mtoto wake amekufa."

"Ukisema pole kwenye jibu hili na hukusema kwenye lile, umeshamwambia jibu gani umelipenda. Kesho atakupa la kukufurahisha. Salamu ni sawa. Pole iishe kwenye salamu."

Kwa hiyo ikaishia kwenye salamu. Kila aliyeingia nilimwambia "pole na kazi," kama tulivyozoea kule, na Muyinga nusu ya wafanyakazi wa chini walikuwa waliorudi kama sisi. Walijibu "tumeshapoa" wakacheka, nikasikia kambi kidogo. Sikufikiri kwamba neno hilo lina mpaka wake, na kwamba huo mpaka uko mahali fulani barabarani kabla ya kufika Gitega.

Gitega tulihamishiwa hospitali ambayo siandiki jina, na ninyi msiandike majina; Mama Shabani namtaja kwa ruhusa yake. Hilo ndilo la kwanza katika kazi. Nilipata chumba mtaa wa Yoba, kwa mama mmoja mkimya ambaye alipika mapema na kufunga mlango mapema. Sikuwa na mtu. Jioni nilimpigia mama Gasorwe, akaniuliza "umekula?" nikasema nimekula, akasema "haya," na hapo sote wawili tukaishiwa. Kuna swali katika karatasi zetu: je, kuna mtu unayeweza kumweleza mambo yako? Nilikuwa nimeliuliza mchana kutwa, kwa hiyo jioni lilikuja lenyewe kwangu. Nilijibu kimoyomoyo, hapana, kisha nikakunja nguo. Sina haja ya kulipamba. Ndivyo ilivyokuwa, na mkihamia mji msioujua mtaona.

Chumba tulichopewa hospitalini kilikuwa stoo ya mashuka, na ndani kulikuwa na benchi na harufu ya sabuni. Siku moja baada ya chakula cha mchana, kabla zamu yake haijaanza, aliingia mwanamke mnene kiasi, mtandio mweupe chini ya kofia ya kazi, saa ndogo imebandikwa kifuani kwenye koti. Huyo ndiye Mama Shabani, wa wodi ya watoto, mzaliwa wa Gitega, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambazo Kiswahili ni chao tangu zamani, ila si Kiswahili changu. Nilisimama, ubao wenye karatasi kifuani, muhuri juu.

"Shikamoo, Mama. Pole na kazi."

Alisimama hapo hapo. Alitazama muhuri. Kisha akakaa kwenye benchi, taratibu, kama mtu anayepima kama benchi litambeba.

"Bon," akasema. "Ilikuwa lazima ifike."

Nilidhani amechoka. Nikakaa ubavuni kwake, nikamsomea maelezo ya mwanzo ambayo tunamsomea kila mtu: una haki ya kukataa, una haki ya kuacha katikati, una haki ya kuomba majibu yako yatolewe, na majibu yako hayataathiri kazi yako kwa namna yoyote.

Mama Shabani akacheka kicheko kifupi.

"Kazi gani?"

Mimi nikacheka pia kwa adabu, nikiona ni mtu wa utani. Akabandua ile saa kifuani, akaiweka juu ya benchi kati yetu. "Uliza, mutoto. Leo nakwambia yote. Mi sina tena cha kuficha."

Na kweli hakuficha. Sijawahi kupata mahojiano kama yale, wala nyinyi msitegemee kuyapata. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi upande mmoja. Chakula alikuwa anakula akitembea. Ndugu wa wagonjwa, ambao huku tunawaita garimalade, walimtupia maneno kwa sababu dawa hazipo, kana kwamba amezibeba kwake. Mwenzake wa zamu ya mchana aliondoka, hawakuleta mwingine, na tangu hapo mchana wote wodi nzima ya watoto ilikuwa yake peke yake.

"Unajisikia upweke?" nilimsomea lilivyo.

"Upweke ni nini?"

"Kama... irungu, Mama. Kuwa peke yako."

"Aa. Sasa nakwambia." Alitazama ukuta. "Siku moja niko na mutoto ametoka Giheta, ana malaria ya kichwa. Niko nimeshika bomba la sindano. Halafu mi sijui kama nimetoka kumudunga ao ndo naenda kumudunga. Nimesimama. Kichwa ni nyeupe. Nageuka nimuulize mutu: ulinionaka? Nilimpa ao sikumpa? Mutu haiko. Ni watoto tu na mama zao, na mama zao bananitazama mi, bananiamini. Njo hiyo upweke yako?"

Niliandika. Nilisahau kutazama mikono yake, nilitazama yangu.

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka bomba chini. Sikumudunga. Nikaketi kando ya kitanda namuangalia anavyopumua mpaka jua lilizama. Alipona, alhamdulillahi. Alirudi kwao amebebwa mgongoni, anakula mkate. Lakini mi sijui mpaka leo kama ni dawa ilimponya ao ni Mungu, na wale bote balikuwa kitandani kingine balilia mi siendi."

Tulifika mwisho. Nilimshukuru. Akasimama, akaninyooshea ile saa.

"Hii naacha kwa nani? Ni ya hospitali."

"Saa, Mama? Si unarudi wodini?"

"Narudi kufanya nini na munanifukuza?"

"Nani amekufukuza?"

"We! We mwenyewe hukuniambia pole na kazi? Na karatasi ya muhuri?"

Nikamweleza kwamba ni salamu. Kwamba Tanzania ukimkuta mtu analima, anafua, anafanya lolote, unamwambia hivyo, na yeye anajibu ameshapoa. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Salamu," akasema. "Mama we! Huku pole ni ya mufiwa. Ukiniambia pole na kazi, njo kusema kazi imekufa." Akaanza kucheka, akashika ukuta wa mashuka, nami nikacheka, na kwa muda kidogo ilikuwa furaha tu. Kisha kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyoingia mchangani. Akatazama ubao wangu.

"Futa."

"Mama..."

"Ile ya sindano. Futa. Bakijua nilisimama na bomba sijui nimempa ao sijampa, hapo njo utaniambia pole ya kweli. Na mi peke yangu niko mchana wodi ya watoto. Hata ukificha jina, batajua ni nani. Nani mwingine?"

Akabandika saa yake, akaenda. Zamu ilikuwa inamsubiri.

Nilimpelekea Madamu Goreti ile karatasi, sijafuta kitu. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, sijui aliona nini. Alisema huu ndio ukurasa mmoja uliostahili safari yote. Wengine wote wametuambia nta kibazo. Tukienda kwa wakubwa wa hospitali na vikombe vya nusu, watasema wafanyakazi wao wana afya, asanteni, kwaherini, na wodi itabaki na mtu mmoja.

"Lakini ana haki ya kuyaondoa majibu yake, Madamu. Tulimsomea."

"Najua tulimsomea. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma." Akavaa tena miwani. "Alisema akidhani ameshafukuzwa. Kwa hiyo hata kukubali hakukubali. Futa ukitaka, una haki. Ila ujue na mtoto atakayekuja baada ya yule wa Giheta ana haki pia, na hajui kwamba tunamjadili. Nenda kwa Mama Shabani. Mwombe."

Hii ndiyo sehemu ambayo hamtafundishwa. Upande mmoja kuna mtu na riziki yake, upande wa pili kuna mtoto usiyemjua, na katikati uko wewe na penseli. Nilienda kwa Mama Shabani siku ya mapumziko yake. Alikuwa anakaa mjini, nyumba ya matofali, mlangoni cherehani ya kaka yake fundi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alifungua, akanitazama.

"Ah, ni salamu imekuja."

Kaka yake akauliza salamu gani. Mama Shabani akamweleza yote kuhusu pole na kazi isipokuwa lile moja, na kaka yake akacheka mpaka nusura ashone vidole. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaniambia "pole na kutembea," "pole na kukaa," "we Tanzania, pole na kunywa chai." Nilikunywa chai. Nilichambua maharage. Maneno niliyopanga hayakutoka. Nilirudi Yoba.

Nilirudi kwake mapumziko yaliyofuata, na yaliyofuata. Madamu aliniuliza, "Umemwomba?" nikasema bado. Ukweli ni kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali pa kwenda, na niliogopa kwamba nikiomba, mlango utafungwa. Sijui kama hiyo ilikuwa adabu au njaa. Mama Shabani alinipa unga. Alinifundisha kukanda mandazi, akaidhihaki mikono yangu ya shule. Siku moja tu, akikaanga, alisema bila kugeuka:

"Nyinyi mulikimbia, mukajifunza pole. Sisi tulibaki, tukajifunza kunyamaza. Mutoto wangu Shabani ananiuliza kwa simu, mama habari ya kazi, namwambia salama. Kila siku salama. Unajua ni nani peke yake nilimwambia ile kitu?"

Nikasema najua.

"Basi. Leta hiyo karatasi."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, imekunjwa ndani ya plastiki; nilikuwa naibeba kila mara kwa kudhani leo nitaomba. Nikampa. Akaomba na kifutio. Alifuta mwenyewe, polepole, mstari kwa mstari, mpaka mahali pale pakawa pamekwaruzika tu, akapuliza yale makombo mezani. Sikumwomba asifute. Nilikuwa nimeamua njiani siku nyingi kwamba neno ni la mwenye mdomo. Nikaona vibaya hata hivyo. Nilimfikiria mtoto ambaye Madamu alimtaja.

Madamu Goreti alipoiona ile karatasi hakunigombeza. Alisema, "Sawa," akaiweka na nyingine. Ni mara moja tu katika muda wote nimemwona akitembea kama mtu mwenye magoti mabovu.

Kazi ya Gitega ilipoisha, wakubwa wa utafiti waliitisha mkutano hospitalini kuwaeleza wafanyakazi tuliyoyakuta. Hii ni desturi nzuri, msiiache. Walikaa mkubwa wa hospitali na wakuu wa wodi mbele, wengine nyuma, wengine milangoni wakisikiliza kwa sikio moja na wodi kwa sikio la pili. Mtaalamu alieleza kwa Kifaransa, Madamu akageuza kwa Kirundi. Mgongo, kiasi. Usingizi, kiasi. Zamu za mchana, hakuna tatizo kubwa lililoripotiwa. Mkubwa wa hospitali akatikisa kichwa, akasema amefurahi, akauliza kama kuna mwenye kuongeza, kwa ile sauti ya mtu anayekusanya karatasi zake.

"Mi niko."

Mama Shabani alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameniambia. Niliinama, nikatazama viatu vyangu, kana kwamba ni mimi.

Alizungumza Kirundi, kwa utulivu, kama anavyokabidhi zamu. Alisema wodi ya watoto mchana ina mtu mmoja. Alisema mtu huyo ni yeye. Kisha akasimulia yote: bomba, kichwa cheupe, kugeuka na kukosa wa kumuuliza. Hakupunguza. Kule stoo aliyasema kama mtu aliyekwisha kupoteza; hapa aliyasema akiwa bado na kila kitu cha kupoteza, na koti lake, na saa kifuani. Mtoto akalia huko wodini, na yeye akageuza kichwa.

"Na kwa nini hukuwaambia hawa walipokuuliza?" mkubwa wa hospitali aliuliza.

"Niliwaambia. Nikaomba bafute, bakanipa karatasi nikafuta mwenyewe." Akanyoosha kidole kwangu bila kunitaja jina. "Kwa hiyo najua nikisema kitu, kinakaa kwangu mpaka nikitoe mwenyewe. Sasa nakitoa. Karatasi ingesema bila mi kuwa pale kujibu. Mi niko pale. Niulizeni."

Wakamuuliza. Mkuu wa wodi aliuliza kwa ukali, na alijibiwa. Mwingine akauliza mtoto aliitwa nani, akasema hilo hatalisema. Halafu mfamasia mmoja, kijana, akanyanyua mkono akasema hata yeye, kwenye dirisha la dawa. Halafu mkunga. Mtaalamu akaanza kuandika upya pale pale mezani, na Madamu Goreti hakuwa na nafasi ya kugeuza lugha, alikuwa anapangusa miwani.

Msidhani kwamba yaliisha kama hadithi. Mama Shabani hakufukuzwa. Walimwondoa wodi ya watoto, kwa barua yenye maneno mazuri kuhusu kupumzika, wakampeleka chumba cha chanjo, mwisho wa kibaraza, ambako asubuhi kuna watu na mchana hakuna hata nzi. Wodi ya watoto walipeleka wauguzi wawili wa mchana. Kwa hiyo alichokitaka kilipatikana, ila hakuwekwa ndani yake. Nilipomkuta mara ya kwanza huko, alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. Aliniambia anawakosa watoto, hasa wale wabaya wanaomtemea dawa.

Juzi nilienda kumuaga. Narudi Gasorwe kulima na mama mpaka nijue la kufanya, na Madamu ameniambia nifikirie uuguzi, nikasema nitafikiri, jambo ambalo nalifanya vizuri kuliko kusema. Njiani kuelekea chumba cha chanjo nilipita chini ya madirisha ya wodi ya watoto. Ndani wale wauguzi wawili wapya walikuwa wanapigiana kelele. Mmoja anasema nilikwambia kitanda cha pembeni tayari, mwingine anasema hukuniambia, na wa kwanza anasema muulize mama wa mtoto, na mama wa mtoto anacheka.

Nikamweleza Mama Shabani. Alikuwa peke yake, mlango wazi, kibaraza kitupu.

"Banagombana?" akauliza.

"Sana, Mama. Mpaka aibu."

Akakaa sawa kwenye kiti, akafunga mikono juu ya tumbo, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeletewa habari ya harusi.

"Baache bagombane," akasema. "Kugombana iko ya watu wawili."